Fuvu la Tano

Thomasine alihesabu mafuvu akapata matano. Akadhani macho yamemchezea, maana miaka arobaini na sita si haba, na mchoro wenyewe ulijaa mistari midogomidogo. Akasogeza karatasi dirishani, akaweka kidole, akaanza upya. Matano. Na yeye watoto aliowazika walikuwa wanne.

Pale Wexcombe hapakuwa na mtu asiyejua maana yake. Mkubwa huchongewa kaburi angali hai, apate kulikagua kama anavyokagua koti kwa fundi. Juu yake hulazwa sanamu yake na ya mkewe, viganja vimefumbatana kifuani. Chini, ubavuni, hupigishwa magoti sanamu za watoto wao wote, wa kiume nyuma ya baba, wa kike nyuma ya mama. Aliye hai hushika kitabu cha sala. Aliyewatangulia wazazi wake kaburini hushikishwa fuvu, ili mpita njia asipoteze dua kumwombea afya mtu aliyekwisha kuoza. Ndivyo walivyofanya babu zao, na hakuna aliyeona ajabu.

Anselm na Crispin, sawa. Ndui iliwachukua wote wawili katika wiki moja. Amy, sawa. Na yule mdogo aliyeishi siku tatu, aliyebatizwa harakaharaka jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto, naye sawa. Everard, mrithi, alishika kitabu. Margery, aliyeolewa kaskazini, alishika kitabu. Mwisho kabisa wa mstari wa wasichana alipiga magoti Lettice, kitinda mimba, na mikononi mwake lilikuwamo fuvu.

"Huyu mchoraji amekosea," akasema Thomasine. "Lettice kampa fuvu."

Mumewe, Ambrose, Baroni wa Wexcombe, alikuwa kitini karibu na moto, miguu juu ya kigoda. Miguu hiyo ilianza kuvimba wakati wa Krismasi, na uvimbe ulikuwa unapanda taratibu. Daktari alishaacha kusema kwamba utapita. Ndiyo maana kaburi lilikuwa na haraka.

"Hakukosea. Nimemwagiza mimi."

"Bwana, mwanao yu hai. Yuko Harrowmere, mwendo wa siku mbili kwa farasi."

"Farasi hawezi kuwakosa. Si kaolewa na anayewazolea mavi?" Ambrose hakuinua hata macho. "Mimi nina watoto wawili. Utazame mchoro vizuri, kola yako wameichora imependeza."

Loo! Kola. Miaka thelathini ya ndoa, mtoto kauliwa kwa wino akiwa mzima, na mwanamume anamwambia mkewe habari ya kola.

Miaka mitatu nyuma Lettice alikuwa aolewe na kijana wa nyumba ya Corbray, majirani wenye ardhi inayopakana na yao kule mtoni. Wageni walikwisha kuanza kufika, pai za nyama ya kulungu zimo tanuruni, ndipo asubuhi ya Jumanne kitanda cha bibi harusi kikakutwa kitupu, na zizini amekosekana Piers Haddow, mtunza farasi. Piers hakuiba hata hatamu. Jike la kijivu waliloondoka nalo lilikuwa la Lettice mwenyewe. Ambrose hakupiga kelele. Alingoja pai ziive, akawaketisha wageni wote, watu wa Corbray mbele kabisa, akasema, "Kuleni. Haya ni matanga ya Lettice." Wakala, kwa kuwa alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Thomasine naye alikula. Tangu siku ile hakugusa pai tena.

Siku ileile Ambrose aliapa jambo jingine. Katika nyumba ile watoto, hata wakubwa wenye ndevu, walipiga magoti mbele ya wazazi kila asubuhi: "Baba, naomba radhi yako." Baba akaweka mkono kichwani, siku ikaanza. Ambrose aliapa mbele ya wageni kwamba Lettice akithubutu kuja kupiga magoti, hatamwekea mkono. Na radhi iliyonyimwa hadharani ni balaa. Mtoto huondoka nayo mgongoni, ikampata barabarani au uzazini. Thomasine aliliamini hilo kama alivyoamini mvua.

Na yeye hakuwa mgeni wa mambo ya kuolewa kwa faida ya wengine. Alizaliwa nyumba ya Tarrant. Baba yake na baba wa Ambrose waligombania msitu wa mialoni miaka ishirini, mpaka watu wawili wakauawa, na mwishowe wazee wakapatana: msitu uende Wexcombe, na binti wa miaka kumi na sita aende pamoja nao. Siku ya harusi kaka yake, Gervase, alimtania, "Dada, umekuwa kigingi cha mpaka." Wakacheka wote. Kigingi basi kikafanya kazi yake. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeandikiana na mashangazi na mabinamu wa pande zote mbili, aliyesimamia ubatizo wa watoto wa watu, aliyepeleka bata na mvinyo penye msiba, aliyewapatanisha waliokataa kusalimiana kanisani. Lettice alipotoroka alimwandikia Gervase mara moja ampe binti huyo hifadhi. Gervase akajibu kwamba ana mabinti wanne wa kuozesha na jina la Lettice lingewatia doa, na je, dada yake angeweza kumpelekea mbegu za zile waridi nyeupe?

"Undugu kufaana, si kufanana," akasema Ursula aliposikia barua hiyo ikisomwa. Ursula alikuja na Thomasine kutoka Tarrant, alikuwa mtumishi wake tangu wote wawili wana meno ya utoto, na hakuwa na breki mdomoni. "Huyo kaka yako mnafanana pua tu."

Mwezi wa Juni fundi alifika kutoka London na mikokoteni mitatu ya alabasta, jiwe jeupe la kuchongea. Aliitwa Jasper Tovey, mtu mfupi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapewa sehemu ya kanisa upande wa kaskazini, na kutwa nzima nyundo ikasikika mpaka jikoni kwa watu. Thomasine alimwacha siku tatu, ya nne akamwendea.

"Samahani kwa vumbi, bibi mkubwa. Leo hata malaika wa kwenye madirisha wamepiga chafya."

"Watoto wako wapi?"

"Wale pale chini ya turubai. Miili tayari, nyuso na mikono bado. Hivyo viwili huwa navichongea papa hapa, maana barabara zenu zinakula pua. Mwaka jana nilifikisha askofu hana pua, ikabidi nimpe ya shemasi."

Thomasine aliinua turubai. Wa mwisho alikuwa na gauni lililokunjwa vizuri, na juu ya shingo hakuna kitu ila jiwe la mraba kama tofali.

"Huyu usimchonge fuvu," akasema.

Jasper aliweka tindo lake la kuchongea chini. "Bibi mkubwa, anayelipa ni bwana mkubwa."

"Najua anayelipa. Nakuomba muda tu. Mtoto huyu yu hai. Nampikia baba yake maneno matamu kila siku, nitamlainisha. Ila fuvu likishachongwa, kwake itakuwa imeandikwa."

Fundi alijikuna shingo. Alikuwa na mabinti mwenyewe, ilionekana.

"Jiwe linapunguzwa, haliongezwi," akasema mwishowe. "Kitabu ni kipana, fuvu ni dogo. Fuvu linaweza kutoka ndani ya kitabu, ila kitabu hakitoki ndani ya fuvu hata uchonge mpaka siku ya kiama. Kwa hiyo nitaacha bonge. Mikono imeshika bonge. Bwana akiuliza, nitasema jiwe bado bichi."

"Kwani jiwe huwa bichi?"

"Kwa wakubwa, huwa."

Thomasine akacheka, akajishangaa. Ambrose alikwisha kusema angelikagua kaburi lake sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, baada ya kula bata bukini. Miezi mitatu. Alizima farakano la Tarrant na Wexcombe kwa miaka thelathini. Moyo wa mzee mmoja mwenye miguu ya maji ungemshindaje?

Julai ikaja barua ya Lettice. Ilipitia kwa muuza siagi, akampa Ursula chini ya kitambaa cha kapu.

*Mama, nina mimba. Itatimia mwisho wa Septemba. Piers amejenga kitanda cha mtoto, kimekaa upande lakini usimwambie mtu. Mkunga wa hapa ananuka bia na mikono yake ni mikubwa, namwogopa. Nataka kujifungulia kwako, kwenye kile kitanda cha dirisha la bustani ulichonizalia mimi. Nitakuja kwa mlango wa jikoni kama ni lazima. Niambie tu njoo.*

Ursula alishaanza kukunja mikono ya gauni kana kwamba anakwenda kutandika papo hapo. "Mwite."

"Nitamwita. Bado kidogo."

"Bado nini?"

"Akija sasa, Ambrose atajua kabla hajavua kofia. Everard atamwambia, au mpishi, au mbwa. Atamwita ukumbini, atamwachia kichwa kitupu mbele ya watu. Ursula, mtoto akaingie uzazini na radhi ya baba imekataliwa? Unataka afe?"

"Mimi nataka awe karibu na mimi na wewe na maji ya moto. Hayo mengine ni ya wanaume."

"Nipe mpaka Agosti. Ameshaanza kuniruhusu nilitaje jina."

Hapo Thomasine alisema kweli. Kila alasiri alimkanda Ambrose miguu kwa mafuta ya kafuri, na alasiri moja alipotaja kwamba Lettice ndiye aliyekuwa akimpenda yule mbwa aliyekufa, Ambrose hakumwambia anyamaze. Alisema tu, "Mbwa yule alikuwa mpumbavu." Kwa Ambrose hiyo ilikuwa karibu ni machozi.

Akaketi akaandika: *Mwanangu, subiri kidogo. Baba yako analainika. Nitakuita mwenyewe, na utaingia kwa mlango mkubwa. Subira huvuta heri.* Akaipiga muhuri wa Tarrant, siyo wa Wexcombe.

"Mimba haijui subira," akasema Ursula akiichukua. "Kalenda yake haiamriwi hata na mfalme." Lakini alikuwa mtumishi, akaipeleka.

Agosti Lettice aliandika tena, mistari miwili: *Nimeshafunga nguo. Niambie njoo.* Thomasine akajibu tena subiri, kidogo tu, na akamtumia mashuka mapya na limau sita. Usiniulize kwa nini mama mwenye akili timamu alifanya hivyo. Maisha yake yote alipatanisha watu kwa kungoja. Hakuwahi kuona kungoja kukimtupa. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake, na kwa mapenzi hayohayo akamzuia.

Siku zile Jasper alianza nyuso, na Thomasine akawa anashinda kanisani juu ya kigoda.

"Nieleze alivyo, bibi mkubwa. Nisipoelezwa nitampa uso wa mke wangu, na sitaki alalamike."

"Ana nywele zisizokubali kofia. Hapa, mbele ya sikio, kuna shungi linalotoka hata ulifunge namna gani."

"Jiwe halipendi nywele zinazotoka. Zinavunjika."

"Basi livunjike, lakini liwepo. Na kidevu anakiinua. Hata akipiga magoti anakiinua. Baba yake alikuwa akimwambia, 'Unaniomba radhi au unanidai?'"

"Akijibu nini?"

"'Vyote viwili, baba.'" Thomasine akaziba mdomo kwa kiganja, akalia hapo hapo mbele ya fundi. Jasper akageuka akajifanya anatafuta jiwe la kunolea.

Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ikaangukia Jumapili. Bata wakaliwa, Ambrose akabebwa na watu wanne kwenye kiti mpaka kanisani, akiwalaumu njia nzima kwa kuyumba. Aliitazama sanamu yake mwenyewe akasema imemnenepesha. Aliitazama ya mkewe akasema imemkondesha. Akapita kwa wavulana, akagusa kichwa cha Crispin. Akafika kwa wasichana, mpaka wa mwisho.

Hapo akawaashiria wabebaji wamshushe. Thomasine alikuwa nyuma ya kiti.

"Nani kamwambia huyu mtu habari ya nywele?" akauliza Ambrose.

"Mimi."

"Na kidevu."

"Na kidevu, bwana."

"Fuvu liko wapi?"

Jasper akakohoa. "Jiwe bado bichi, bwana mkubwa."

"Acha uongo, mwanamume mzima." Ambrose akainama mbele kitini. Akanyoosha mkono akaligusa lile shungi la jiwe kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetaka kulirudisha ndani ya kofia. "Mchongee kitabu," akasema. "Na wewe, Thomasine, mwite. Kabla haya maji hayajanifika moyoni, mwite nimwekee mkono."

Thomasine hakungoja afikishwe nyumbani. Aliandika pale pale kanisani, katika chumba cha sakristia, kwa kalamu ya kasisi, wino ukamchafua mpaka kifundo, na mjumbe akaondoka kabla kengele za jioni hazijapigwa. Kisha akapanda mwenyewe chumba cha dirisha la bustani na kutandika kitanda. Ursula alipotaka kumsaidia alimkataza.

Siku nne zikapita. Ambrose alitaka apelekwe kanisani kila asubuhi, akae karibu na sanamu, akimsumbua Jasper kwa maswali. Kitabu kilitoka vizuri. Kilikuwa hata na kifungo kidogo cha kufungia jalada. Siku ya Alhamisi Jasper alikuwa akiking'arisha kwa kitambaa chenye maji, na mume na mke wameketi wanatazama, ndipo kwato zikasikika nje.

Thomasine alitoka mbio. Jike la kijivu lilikuwa getini, limelowa jasho. Juu yake alikuwako Piers Haddow peke yake.

"Yuko wapi? Yuko nyuma na gari?"

Piers akashuka, akavua kofia. Alikuwa kijana wa mabega mapana, na mikono haikujua ijiweke wapi. Akatoa barua kifuani. Muhuri wa Tarrant ulikuwa mzima.

"Bibi mkubwa, barua yako imefika. Mimi sijui kusoma. Aliyekuwa ananisomea ni yeye." Akamnyooshea. "Nimeona niilete mnisomee wenyewe."

Thomasine akautazama ule muhuri mzima. Akashika ukuta. Piers akamshika mkono kama alivyokuwa akimshika zamani akipanda farasi, wakaingia hivyo kanisani, na Ambrose alipomwona mtunza farasi wake wa zamani alitaka kumfukuza, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Lini?" akauliza Thomasine.

"Mtoto katoka Jumamosi usiku. Damu haikukatika. Jumapili jioni akaondoka. Tumezika Jumanne, tunarudi kutoka makaburini namkuta mjumbe wako mlangoni."

Jumapili. Yeye alikuwa ameketi sakristia, anachovya kalamu.

"Isome," akasema Ambrose kwa sauti ndogo.

Thomasine akavunja muhuri wake mwenyewe. Akasoma kwa sauti, kwa kuwa Piers alikuwa amesafiri siku mbili ili aisikie.

"*Lettice, mwanangu. Njoo. Njoo leo, usingoje nguo zikauke. Baba yako anataka kukuwekea mkono. Nimekutandikia kile kitanda cha dirisha la bustani. Utaingia kwa mlango mkubwa na mimi nitakuwa nimesimama hapo. Usisubiri tena.*"

Piers aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeipokea barua kwa niaba ya mtu mwingine. "Kifurushi chake kilikaa mlangoni tangu Agosti," akasema. "Mpaka nikawa najikwaa. Nilimwambia twende tu, watatufanya nini, watatuua? Ananiambia, 'Mama kasema tusubiri. Mama anajua.'"

Hapo Ambrose alianza kulia. Kilio cha mzee asiyekizoea, kibaya, chenye kikohozi ndani yake. Akajiburura kitini mpaka akaifikia sanamu, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha jiwe.

"Kitabu kibaki," akasema. "Fundi, usikiguse. Nimeshamsamehe. Nimempa radhi yangu, kibaki."

"Toa mkono, Ambrose."

Kwa miaka thelathini hakuwahi kumwita kwa jina tupu mbele ya watu. Hata Jasper alishtuka.

"Mkono huo aliuomba alipokuwa na kichwa cha kuwekewa," akasema Thomasine. "Utoe."

"Wewe mwenyewe ulinililia nimpe kitabu!"

"Nililia akiwa hai. Alipokuwa hai ulimpa fuvu, sasa kafa unampa kitabu. Hata siku moja hujampa kilicho chake." Akageuka asimwone, akawa anaitazama barua. "Na mimi nisijitoe. Wewe ulimfukuza mara moja. Mimi nimemzuia miezi miwili, kwa mkono wangu, kwa wino, na methali juu yake. Nilikuwa hapa nasimulia nywele zake kwa jiwe, naye yuko mlangoni na kifurushi. Jasper."

"Bibi mkubwa."

"Ulisema fuvu linatoka ndani ya kitabu."

Fundi alikitazama kile kitabu, kifungo chake, kurasa alizozichanja moja moja. "Linatoka," akasema.

"Litoe. Wapitao wajue kafa. Asije mtu akamwombea afya."

Hakungoja kuona pigo la kwanza la tindo. Alimgeukia Piers. "Mtoto yu hai?"

"Yu hai. Wa kike. Yuko kwa mama yangu, jirani anamnyonyesha."

"Jina lake nani?"

Piers aliigeuza kofia mikononi. "Bado hana, bibi mkubwa. Lettice alisema jina utatoa wewe. Tulikuwa tunakungoja."

Thomasine akatoka nje. Wakati huo Ursula alikuwa amefika getini, kapanda mbio kutoka jikoni mikono ina unga, na hakuhitaji kuambiwa. Akavua shali yake nzito akamfunga bibi yake mabegani, akaikaza fundo kama alivyomfunga alipokuwa mtoto. Hakusema "nilikuambia." Ursula ambaye mdomo wake haukuwa na breki, siku ile hakusema.

"Sina gari, bibi mkubwa," akasema Piers. "Nina huyu mmoja tu."

"Nitakaa nyuma yako."

"Ni siku mbili."

"Najua ni siku ngapi. Nipandishe."

Mke wa Baroni akapandishwa nyuma ya mtunza farasi, mchana kweupe, mbele ya kasisi na wabebaji wanne. Mlangoni pa kanisa Ambrose alikuwa ameletwa kwenye kiti chake mpaka kizingitini, ameshika mwimo wa mlango.

"Thomasine!" akaita. "Subiri! Subiri angalau wafunge gari!"

Hakugeuka. Ndani ya kanisa nyundo ilikuwa imeanza, pigo moja, kimya, pigo jingine, Jasper akienda taratibu asije akavunja vidole.

"Umeshika vizuri, mama?" akauliza Piers.

"Nimeshika," akasema. "Twende."